Kitambaa cha Bibi Natalia

Jorodom, Katesh
9 Juni 2025

Shangazi Mectilda,

Shikamoo. Baba anakusalimu kutoka Dirma. Amevuna alizeti na anasema ni mbovu, maana yake ni za wastani. Kaka Kenneth amehamishiwa kufundisha shule moja ya Kiteto. Hajafurahi, ila anatuambia amefurahi. Mimi niko palepale Jorodom, chumba kilekile cha kupanga, upande ambao lile tope lililoporomoka mlimani mwaka juzi halikufika. Ile cherehani iliyofukuliwa bado inashona, ingawa nikiikimbiza inalia kama punda.

Naandika kwa sababu simu yangu huipokei tangu Pasaka. Barua nimempa Theodory, anayeshusha vitunguu swaumu vya huko kwenu hapa siku ya mnada na kurudi Dongobesh gari likiwa tupu. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe.

Ulipokata simu ulikuwa hujanisikiliza, kwa hiyo naeleza upya. Nashona mapambo ya nyumba na ya sikukuu kwa vitambaa vya zamani. Vya dukani sivitaki. Natafuta kanga zilizofifia, kaniki, mashuka mazito ya hospitali za misheni, vitambaa vya makochi walivyodarizi mama zetu. Nakata sehemu iliyo nzima, nashona nyota, malaika, ndege, soksi za Krismasi, mito ya viti. Ndani najaza manyoya ya kondoo. Watu wananunua.

Sasa kuna loji ya watalii huko Karatu imeona kazi yangu. Mnunuzi wao anaitwa Wolfgang; ni mtu wa Moshi, jina lisikutishe. Anataka mapambo ya Krismasi ya ukumbi mzima yaliyotoka kwenye kitambaa kimoja: nyota za mti, vitambaa vya meza, na ukanda wa juu ya meko ya kuotea moto, vyote vya uzi mmoja na mkono mmoja. Akiridhika atanipa kazi ya mwaka mzima, nami nitapata chumba cha kushonea kisichokuwa na kitanda ndani yake.

Kitambaa cha namna hiyo nakijua kimoja tu. Ni kile cha meza cha Bibi Natalia, kilicho kwenye kasha la bati chini ya kitanda chako. Vya marehemu mama viliondoka na tope, sina hata kipande. Nakuomba hicho.

Nimekuwekea nyota moja uone kazi.

Mwanao,
Evelyne Octavian


Dongobesh, Mbulu
1 Julai 2025

Evelyne,

Marahaba. Hapa nyumbani hakuna mgonjwa. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume, hasara. Baridi ni ile unayoijua na uliyoikimbia. Katekista Bonaventura ameng'olewa jino lakini hajapunguza mahubiri.

Theodory alifika, akanikabidhi, kisha akakaa akanywa chai ya watu wawili. Barua yako ilinuka vitunguu swaumu. Hiyo ndiyo sehemu yake iliyokuwa na faida.

Nyota nimeiona. Ina pembe tano na kila pembe inaangalia upande wake, kama kamati ya shule. Kisha nikataka kuigeuza. Inaonekana mama yako hakukufundisha, kwa hiyo nitakufundisha mimi. Katika ukoo huu bibi arusi aliletwa na vitambaa alivyodarizi kwa mkono wake, na mama mkwe hakuhangaika na uso wa kitambaa. Alikigeuza. Uso kila mtu anaweza kuupamba. Mgongoni ndipo unapoona mafundo, uzi ulioruka, na mahali ambapo msichana alichoka akadanganya. Mama yangu alimrudishia mama yako vitambaa viwili. Mama yako alifumua akarudia, na hakununa. Nyota yako haina mgongo. Umeufunika kwa kitambaa kingine ukajaza manyoya. Ukiniuliza mimi, hiyo ni kazi ya mtu anayejua kuna kitu cha kufunika.

Na hizo soksi. Nimejaribu kuelewa. Nani anatia mguu ukutani? Krismasi ya Mbulu ni misa, wali, nyama, na watoto kuumwa tumbo siku inayofuata. Hakuna kilichopungua hapo ambacho kingehitaji malaika wa kaniki. Ila kama watu wa Karatu wanalipia takataka zikiwa zimejazwa kondoo, wauzie takataka. Zipo nyingi.

Kitambaa cha Mama hapana. Kasha limefungwa na ufunguo uko shingoni mwangu. Kila kilichomo nilikifua mwenyewe, nikakitia wanga wa uji wa mahindi uliochujwa vizuri, nikakipiga pasi, nikakikunja jinsi Mama alivyokunja. Hakijaguswa tangu matanga yake. Hivyo ndivyo kitu kinavyotunzwa.

Msalimie Octavian. Mwambie magoti yanatibiwa hospitalini, si kwa kulalamika.

Shangazi yako,
Mectilda Margwe


Jorodom, Katesh
6 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Baba anasema magoti ni yake. Kenneth amepata nyumba Kiteto. Haina mlango wa nyuma. Mimi mzima.

Nimesoma somo lako la kutunza na ningependa kuuliza swali. Mara ya mwisho kitambaa chochote cha kasha lile kuonwa na binadamu ilikuwa lini? Nakumbuka Askofu alipopita. Mlitandika viti vyote, akakaa, akainuka, mkakunja kabla kiti hakijapoa. Nyumba yako ina kitambaa cha kochi, kitambaa cha redio, kitambaa cha chupa ya chai, na kitambaa cha kufunikia kitambaa. Wenyewe mnakula sahani zikiwa magotini kwa sababu meza imevaa nguo. Wewe ulikuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini, ukawavua na kuwavisha watu wote wa Dongobesh, halafu nyumbani unaonea haya ubao wa meza.

Nyota ina mgongo. Imeshonewa kitambaa kwa nyuma kwa sababu watoto huvuta nyuzi. Hakuna anayeolewa nayo.

Kama kuna mtu umemwahidi kitambaa cha Bibi, mtaje jina nami nitanyamaza. Kama hakuna, basi kinamsubiri mgeni ambaye hajazaliwa. Wolfgang anataka jibu.

Evelyne


Dongobesh, Mbulu
20 Agosti 2025

Evelyne,

Marahaba. Mvua hakuna, vitunguu vimeshavunwa. Imakulata, mwenyekiti wa jumuiya yetu, amenunua simu inayomwonyesha hali ya hewa ya Dodoma, na anatusomea kila Jumatano. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli.

Umeuliza jina. Jina ni Mectilda Margwe.

Mama alianza kukidarizi kitambaa kile mwaka wa Uhuru, akakimaliza nikiwa najifunza kutembea. Pembezoni ni masuke ya mtama kwa uzi mwekundu, katikati ni kwale wawili wanaotazamana. Masista walimpa mchoro wa waridi. Akasema hajawahi kuona waridi, akadarizi alichokiona. Alipofariki kilifunika jeneza lake kutoka mlangoni hadi makaburini. Wewe ulikuwa Arusha kwenye mafunzo yako ya kushona zipu, hukuwepo. Kabla ya kumshusha tulikiondoa. Wanawake wakakishika mkono kwa mkono, na palepale kando ya kaburi wakakigeuza. Walikuwepo wanawake ambao walikuwa wamemsengenya Mama maisha yao yote. Walitazama mgongo wa kitambaa pembe hadi pembe. Hakuna aliyepata la kusema.

Nami nitafunikwa nacho. Sina mtoto wa kunisemea. Kitambaa kile kitasema nilikuwa binti wa nani, kisha kitarudishwa kwenye kasha.

Kwa hiyo mwambie mtu wako wa Moshi kwamba kina shughuli nyingine. Na wewe tafuta mashuka ya hospitali. Hayo nayafahamu, yanastahili kukatwa.

Afya yangu ni ya mtu wa umri wangu.

Mectilda


Jorodom, Katesh
2 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Huku vumbi tu. Baba amenunua mbuzi wawili kwa ajili ya kuwalalamikia.

Ungesema Pasaka kwamba ni cha jeneza lako, tungeokoa karatasi. Nimekuelewa na sitakiomba tena. Nisichokielewa ni kwa nini mtu aliyewadharau wanawake wale akiwa hai anataka sana wampe alama akiwa amekufa. Hilo ni lako.

Wolfgang nimemwambia kitambaa nilichokitaja hakipo. Amenipa mpaka mwisho wa Oktoba nitafute kingine kinacholingana nacho. Nimekwenda Endasak, nimekwenda Bassotu, nimegonga kwa wajane ninaowajua na nisiowajua. Vipo vya makochi, vidogo, kila kimoja na mkono wake. Kikubwa cha mkono mmoja sijapata.

Swali moja tu. Mtu wa umri wako, mwenye afya ya umri wake, ana haraka gani ya kupanga jeneza? Shughuli iliyokuchelewesha ilikuwa shughuli gani?

Evelyne


Dongobesh, Mbulu
11 Oktoba 2025

Evelyne,

Marahaba. Wote wazima. Tumepanda mbegu mpya ya kitunguu, tutaona.

Nimebadili mawazo. Kitambaa cha Mama amekibeba Theodory, nimekishonea ndani ya gunia. Usikifungue mbele yake, ana mdomo. Kikate. Anza siku hiyohiyo ukikipokea, usianze kukigeuzageuza na kukiangalia. Kitu kikishaamuliwa kinafanywa.

Octavian nimemjulisha kwamba nimekupa kwa sababu umenisumbua miezi mingi na mimi nimechoka. Akina mama wa jumuiya nao wanajua. Imakulata alisikitika, ila nikamwambia ndivyo watoto wa siku hizi walivyo, wakitaka kukata wanakata.

Mapambo yako yawe mazuri basi.

Mectilda


Jorodom, Katesh
3 Novemba 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Baba alikuja Jumanne kwa bodaboda kutoka Dirma, na magoti yake yote mawili. Alisimama mlangoni.

"Umekula kitambaa cha mama yangu," akasema.

Nikamwambia, "Baba, shikamoo. Karibu ukae."

"Sikai kwenye chumba cha mtu anayemchania dada yangu urithi akiwa mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Akatazama cherehani. Baba akikwama hutazama kitu cha chuma.

"Hajakwambia?"

"Ameniandikia habari za vitunguu."

Ndipo nikajua kwamba Septemba ulilazwa, ukapasuliwa, ukatolewa uvimbe tumboni, na kwamba Januari unatakiwa urudi wakaangalie kama umeisha. Baba alidhani najua na kwamba nimekuandama hivyohivyo. Aliniita mnyang'anyi. Alilitumia neno lile vizuri, polepole, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani. Muda wote huo gunia lako lilikuwa chini ya meza, karibu na mguu wake. Sikumwonyesha. Akaondoka hajanywa hata maji.

Sasa tuzungumze mimi na wewe.

Nilikifungua kitambaa siku niliyokipokea, peke yangu, kama ulivyoagiza. Nilikitandaza sakafuni. Kulikuwa na mavi ya panya kwenye kila kunjo, na kwenye pembe moja kiota kilichosokotwa kwa uzi mwekundu wa Bibi. Panya alianzia juu akatoboa makunjo yote hadi chini, kwa hiyo ukikikunjua matundu yanarudia, moja kila mraba, upande huu na upande ule, kama karatasi wanayokunja watoto wa chekechea na kuikata. Kwale mmoja hana kichwa. Panya walifuata uji. Ulikitia uji wa mahindi, ukakifungia gizani miaka yote hiyo, ukavaa ufunguo shingoni. Pale ambapo wanga ulikuwa mwepesi, karibu na pindo, hawakugusa.

Ulikuwa unajua ulipokituma. Ndiyo maana gunia lilishonwa, ndiyo maana nisikiangalie, ndiyo maana nikate siku hiyohiyo. Ningekata, na tundu lolote lingekuwa langu. Watu wangesema Evelyne wa Katesh, yule wa soksi za ukutani, alikatakata kitambaa cha Bibi Natalia shangazi yake akiwa kitandani. Panya wasingetajwa. Uliwaandaa mashahidi kabla kitambaa hakijafika. Hiyo si hasira ya mgonjwa, ni mpango wa mtu aliyekaa akafikiri.

Nami nimefikiri. Katikati ya matundu kuna sehemu nzima za kutosha kazi yote ya Wolfgang. Nilimwomba wiki moja zaidi, akanipa, inaisha Ijumaa. Nikikata leo, napata chumba changu, ukoo unapata wa kumlaumu, na wewe unapata jeneza lisilo na kitambaa, lenye sababu nzuri. Kila mtu anaondoka na kitu.

Sijakata. Niambie ulifungua kasha lini.

Evelyne


Dongobesh, Mbulu
15 Novemba 2025

Evelyne,

Kitambaa kilitoka hapa kizima. Panya wa Katesh nimewasikia sifa zao. Baada ya lile tope walihamia majumbani. Pole.

Kuhusu tumbo langu, daktari analijua na anatosha.

Kata au tupa. Usiniandikie tena habari hiyo.

Mectilda Margwe


Jorodom, Katesh
14 Desemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa panya wanaokula kitambaa cha makunjo kumi na sita kati ya Jumamosi ulipokituma na Jumapili nilipokipokea, wakajenga nyumba, wakazaa. Wa Katesh kweli ni hodari.

Wolfgang amechukua nyota na malaika wa kaniki na wa mashuka. Seti ya ukumbi amempa mtu wa Arusha. Kazi ya mwaka mzima hakuitaja tena na mimi sikuuliza. Kwa hiyo niko kwenye chumba kilekile, kitanda kilekile, na Theodory amekuletea kifurushi. Safari hii hakikushonwa. Ameshakiona, na ameshamwambia kila mtu njiani, nina hakika.

Nimekiziba. Nilipata kanzu nyekundu kuukuu za watumishi wa altare ambazo parokia ilikuwa inazifanya matambara. Rangi yake imekaribiana na uzi wa Bibi. Kila palipokuwa na tundu nimeshona nyota. Pasipokuwa na tundu hapana nyota. Ya urembo sikuongeza hata moja. Mtu akiuliza ni nani aliyezipanga zikarudia vizuri namna ile, mchoro si wangu. Yule kwale nimemwachia nyota mahali pa kichwa, sikutaka kumbunia sura.

Sikuweka kitambaa kwa nyuma. Geuza, angalia upendavyo. Kingo za matundu nimezikunja kwa ndani nikazishonea kwa mkono, na mishono ya Bibi iliyobaki sikuigusa. Sikukitia wanga.

Baba nimemwambia aje kwako Krismasi. Sijamweleza lolote, bado naitwa mnyang'anyi. Najua jumuiya inakuja kusali kwako siku ya pili ya Krismasi, na najua meza itakuwa imevaa. Unaweza kukitandika au kukirudisha kwenye kasha. Ukikitandika watakuuliza. Ukikificha watauliza pia, kwa sababu Theodory ameshapita. Sijui utasema nini. Nimekaa muda mrefu nikijaribu kukuandikia la kusema, nikaona sipaswi.

Mimi siji. Nina mito ya watu.

Evelyne


Dongobesh, Mbulu
29 Desemba 2025

Evelyne,

Marahaba, ambayo barua iliyopita niliisahau. Octavian alifika tarehe ishirini na nne, ameondoka leo. Alileta mbuzi mmoja, aliyekonda. Misa ilikuwa ndefu. Bonaventura hakuachwa kuhubiri, akasoma matangazo kwa sauti ya kuhubiri.

Nakuandikia yaliyotokea tarehe ishirini na sita kwa sababu utayapata kwa Theodory yakiwa yameongezwa chumvi.

Nilikitandika. Walikuja wote, hata wale ambao huwa wana mafua siku za jumuiya. Walikaa wakakitazama. Imakulata akasema, "Lakini amekipendezesha jamani. Amekikata, sawa, ila amerudisha kwa ustadi." Mwingine akasema, "Mtoto akijutia kosa lake ni la kushukuru." Octavian akaguna. Bonaventura alikuwa ameshafungua kitabu.

Nikamwambia Bonaventura afunge. Nikawaambia Evelyne hakukata kitu. Nikawaambia kimeliwa na panya ndani ya kasha langu, chini ya kitanda changu, na ufunguo ukiwa shingoni mwangu. Kwamba nilifungua kasha nilipotoka hospitali, nikitaka kukianika kiwe tayari. Kwamba nilikishonea kwenye gunia nikakituma Katesh ili aonekane amekiharibu yeye. Nikawaambia kila nyota wanayoisifu ni tundu, wahesabu wakitaka.

Imakulata aliniuliza, "Sasa Mectilda, kwa nini?"

Nikamwambia, "Kwa sababu yako. Na yako. Na wewe hapo kwenye kigoda."

Kisha Imakulata, ambaye aibu hajawahi kuwa nayo, akasogeza vikombe akakigeuza kitambaa kama siku ile ya makaburini. Wakainama wote. Wakaangalia pembe hadi pembe. Yule wa kwenye kigoda akasema kwake panya wamekula joho la mahafali ya mwanawe na amekuwa akiwaambia watu ameliazimisha. Mwingine naye akawa na lake. Sala ilianza kwa kuchelewa sana na haikuwa ya uzito wowote.

Octavian alitoka nje kuangalia mbuzi. Aliporudi akasema utaletewa gunia la mahindi. Anavyojua yeye, huko ni kuomba radhi. Lipokee, usimlazimishe kutumia maneno, hana.

Sasa kazi yenyewe. Nimeigeuza na mimi, walipoondoka. Upande wa kushoto umevuta uzi sana, kitambaa kimejikunyata kama uso wa mtu aliyelamba limau. Nyota mbili za pindo hazifanani ukubwa. Mama angekurudishia sehemu hizo ufumue. Sehemu nyingine asingekurudishia.

Soksi za ukutani bado ni upuuzi.

Nitakwenda hospitali tarehe kumi na mbili. Octavian atanisindikiza, nimeshindwa kumzuia. Wakisema uvimbe umeisha, kitambaa kitakaa mezani na nitakula juu yake mpaka kichakae, maana kukitunza nimeshajaribu. Wakisema haujaisha, kitakaa mezani pia, ila kwa muda mfupi zaidi, kisha kitahitajika.

Siku hiyo uje wewe ukitandike. Uwahi kabla hawajatoa jeneza nje. Kwale wanatakiwa kulala katikati kabisa, na hawa wa hapa watakiweka upande.

Shangazi yako,
Mectilda Margwe